Galvanaizi ina umeme gani? Jibu kwa mjenzi wa Sahare, Tanga

Swali: "Shikamoo mwalimu. Najenga Sahare, hapa Tanga, karibu kabisa na bahari. Dukani wananiambia bati na bomba ninavyotaka ni vya galvanaizi, maana yake vimepakwa zinki. Fundi wangu anabisha, anasema galvanaizi ni kutiwa umeme kiwandani. Nani mkweli, na neno lenyewe limetoka wapi? Halafu kaka yangu wa Korogwe aliezeka bati la aina ileile, lake bado linang'aa, na mimi banda langu la uani limeshaota kutu. Jambo la mwisho: fundi wa kuchomelea geti la bomba la galvanaizi anadai pesa ya maziwa kabla hajaanza kazi. Nimpe?"

Marahaba, mwanangu. Muuza duka na fundi wako wote wana haki, ila kila mmoja kashika upande wake. Zinki ipo na umeme upo. Alipoteleza fundi ni mahali tu: kwa bati la kawaida umeme huo hautoki kiwandani. Unazaliwa palepale juu ya paa lako, siku bati linapokwaruzwa na mvua ikanyesha.

Neno limetokana na jina la mtu. Luigi Galvani alikuwa daktari na mwalimu wa anatomia katika mji wa Bologna, Italia. Miaka ya 1780 alikuwa akichunguza misuli ya vyura, na akaona jambo lililomshangaza: miguu ya vyura waliokwisha kufa, ikitundikwa kwa kulabu za shaba ya njano kwenye vyuma vya uzio, ilikuwa ikirusha teke. Hapakuwa na radi wala mashine karibu. Mwaka 1791 alichapisha maelezo yake kwa Kilatini, akisema kwamba ndani ya mnyama kuna umeme wake mwenyewe.

Alessandro Volta wa Pavia alisoma, akarudia majaribio, mwisho akakataa. Kwa maoni yake chura alikuwa shahidi tu. Chanzo ni metali mbili tofauti zilizogusana mahali penye majimaji. Ili kuthibitisha alimwondoa chura kabisa: akapanga sahani za zinki na za fedha, moja juu ya nyingine kwa zamu, na katikati akaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka. Hiyo ndiyo betri ya kwanza, aliyoitangaza mwaka 1800, miaka miwili baada ya Galvani kufariki. Pamoja na ubishi wao wote, umeme wa aina hii ulibaki na jina la Galvani, na ndiyo sababu kile kifaa cha kupimia mkondo mdogo mlichokiona maabara ya sekondari kinaitwa galvanomita.

Weka akilini viungo vitatu vya Volta: metali ya kwanza, metali ya pili, maji ya chumvi. Wewe wa Sahare kiungo cha tatu unaletewa bure na upepo wa kusi.

Kutoka kwa Volta hadi kwenye bati kuna hatua moja inayopita baharini, nami huipenda kuliko zote. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa za mbao, na chini zilifunikwa kwa mabamba ya shaba ili minyoo ya baharini isitoboe. Maji ya chumvi yakawa yanaila shaba. Humphry Davy akapewa tatizo hilo, na mwaka 1824 akaja na dawa iliyofuata moja kwa moja hesabu za Volta: funga kipande cha zinki au cha chuma kwenye shaba, nacho kitaliwa kwa niaba yake. Ikawa hivyo hasa. Shaba haikuliwa tena. Lakini shaba inayoliwa polepole ndiyo iliyokuwa ikiwapa sumu viumbe wa baharini wasijishikize kwenye meli. Ilipoacha kuliwa, majani na makombe yakajaa chini ya meli, mwendo ukapungua, na jeshi la majini likaacha mpango ule kwa meli zake zilizofunikwa shaba. Kanuni yenyewe haikufa. Leo boti nyingi za chuma zina mabonge ya zinki yaliyofungwa chini, karibu na pangaboi, na nahodha hubadilisha yakishaliwa. Kwa lugha ya kemia bonge hilo huitwa anodi ya kafara, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kafara ni nini.

Sasa tunafika kwenye neno lako. Kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka lilikuwa wazo la zamani. Mfaransa Paul-Jacques Malouin aliliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1742, wakati Galvani bado mtoto mdogo. Halikuitwa galvanaizi, na kwa muda mrefu halikuwa biashara kubwa. Mwaka 1837 Mfaransa mwingine, mhandisi Stanislas Sorel, alichukua hataza ya kazi hiyohiyo ya kuchovya, na ni yeye aliyeiita kwa jina la Galvani. Sorel hakutumia umeme kupaka zinki. Alilichagua jina hilo kwa sababu aliona kwamba zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Inakilinda kwa umeme wa metali mbili, uleule wa chura na wa Volta. Kwa hiyo galvanaizi ni jina la namna ya kulinda. Namna ya kupaka haimo ndani yake.

Fundi wako hana lawama kubwa, maana kweli ipo njia nyingine ya kupaka zinki kwa mkondo wa umeme ndani ya beseni la chumvi ya zinki. Vifaa vinavyopakwa hivyo vinajaa madukani: bolti, nati, skrubu na bawaba zile nyororo zinazometameta, nyingine zenye rangi ya bluu au njano kwa mbali. Dukani navyo vinaitwa galvanaizi. Tatizo ni kwamba utando wake ni mwembamba, mara nyingi kati ya mikroni 5 na 12. (Mikroni ni sehemu 1 ya 1000 ya milimita, unywele wa mtu una kama 70.) Kwa kabati la ndani unatosha. Kwa papi na kenchi za nyumba ya Sahare, hapana.

Bomba na vyuma vizito hupita njia ya Sorel. Kwanza chuma husafishwa mafuta kwa soda kali, kisha huingizwa kwenye asidi ya haidrokloriki kuondoa kutu, kisha kwenye maji yenye chumvi za zinki na amonia yanayozuia kutu isirudi kabla ya kuchovya. Halafu kinazamishwa kwenye zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 420. Kinachotokea pale si kupaka rangi. Chuma na zinki zinaungana na kujenga matabaka ya aloi, ya ndani yakiwa na chuma zaidi na ya juu kabisa yakiwa zinki tupu, na baadhi ya matabaka hayo ni magumu kuliko chuma chenyewe. Ndiyo maana bomba la galvanaizi huvumilia kuburuzwa na kugongwa kuliko lililopakwa rangi. Bati la paa hupita njia fupi zaidi: utepe mrefu wa chuma hupitishwa mbio ndani ya zinki, na utando wake huwa mwembamba kuliko wa bomba.

Ule umeme wa paani utauelewa vizuri ukilinganisha bati lako na kopo la chakula, na hapa Kiswahili chetu kinachanganya watu kidogo. Katika kemia, bati ni metali nyingine kabisa, ndiyo inayopakwa ndani ya makopo ya vyakula. Bati la paa halina bati. Ni chuma na zinki. Metali hizi zina mpangilio wa nani huliwa kwanza, nao hupimwa kwa volti: zinki ni −0.76, chuma −0.44, bati −0.14, shaba +0.34. Zikigusana mbili penye unyevu, ile ya chini zaidi ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa. Likwaruze kopo mpaka chuma kionekane, uliache nje: chuma kiko chini ya bati, basi chuma ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi kuliko kingekuwa peke yake. Likwaruze bati la paa: zinki iko chini ya chuma, kwa hiyo zinki iliyo kandokando inaliwa na mkwaruzo unabaki bila kutu, mradi usiwe mpana kupita milimita chache. Rangi haiwezi kazi hiyo. Rangi ikichubuka, kutu huingia na kutambaa chini yake.

Kwa nini la kaka yako limepona, basi? Korogwe ni bara, kilomita 100 hivi kutoka kwako. Hewani zinki hujitengenezea ngozi. Kwanza hushika oksijeni, kisha unyevu, kisha kaboni dioksaidi, na mwisho inavaa utando wa kijivu wa kaboneti ya zinki ambao hauyeyuki kirahisi. Ngozi hiyo ikikamilika, zinki huliwa kidogo sana. Kwako kloridi ya chumvi ya bahari inaivuruga ngozi hiyo, na chumvi ikitua inafyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo bati linabaki na majimaji hata siku isiyo na mvua.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawa hewa kwa madaraja kulingana na zinki inayopotea kwa mwaka. Daraja C2, la hewa tulivu, ni kati ya mikroni 0.1 na 0.7. C3 hufika 2.1, C4 hufika 4.2, na C5, ambamo fukwe zenye chumvi nyingi huangukia, ni kati ya 4.2 na 8.4. Sasa chukua bati lenye alama Z275. Maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, nazo ni kama mikroni 20 kila upande. Kwenye C2 hata kwa kiwango cha juu cha kuliwa zitachukua zaidi ya miaka 25. Kwenye C5 zinaisha kati ya miaka miwili na nusu na mitano. Na kama bati lako la banda lilikuwa Z100, ambalo ni mikroni 7 hivi kila upande, kutu yako haina mchawi.

Ndiyo maana nasema usinunue bati kwa geji peke yake. Watu Tanga huuliza "geji 28 au 30?" wakidhani wamemaliza. Geji inakupa unene wa chuma, na geji 28 ni nene kuliko 30, sawa. Haikwambii zinki iliyoko juu yake ni kiasi gani. Uliza namba ya Z, itafute kwenye maandishi yaliyopigwa chini ya bati au kwenye karatasi za kiwanda. Wala usidanganyike na yale maua ya kumetameta. Maua ni fuwele za zinki ilipokuwa ikiganda, na ukubwa wake hutegemea vitu vilivyochanganywa kwenye zinki, kama risasi au antimoni, pamoja na kasi ya kupoa. Bati lenye maua makubwa laweza kuwa na zinki ndogo.

Kwa Sahare mimi ningechagua aluzinki, yaani bati lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, yenye rangi juu yake. Aluzinki ilitoka kwa kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1972: asilimia 55 aluminiamu, asilimia 43.4 zinki, na silikoni 1.6. Aluminiamu huistahimili chumvi vizuri zaidi, kwa hiyo utando huliwa polepole. Ina udhaifu wake: inajitoa kafara kwa uchache kuliko zinki tupu, na kingo zilizokatwa zinahitaji uangalizi. Tena haipatani na saruji mbichi wala chokaa, maana alkali hula aluminiamu. Fundi akipiga lipu ukuta wa juu, afunike bati.

Mengine ni ya ufundi, na hapa ndipo wengi hupoteza bati zuri. Mwambie fundi akate kwa mkasi wa bati, si kwa grainda. Grainda inaunguza zinki ukingoni na kurusha chembe za chuma cha moto ambazo hunasa juu ya bati. Baada ya mvua mbili utaona madoa mekundu paa zima. Misumari na skrubu za kuezekea ziwe na zinki nene na washa za mpira. Kama mbao zako zimetiwa dawa yenye shaba, zile zinazoelekea ukijani, misumari ya zinki nyembamba haitadumu humo, na sasa namba za hapo juu zinakueleza kwa nini. Kwa sababu hiyohiyo, waya wa shaba wa kinga ya radi usipitishwe ukiwa mtupu juu ya bati. Maji yakitiririka kutoka kwenye shaba hubeba chembe zake na kuziacha kwenye zinki, na kila chembe inakuwa betri ndogo.

Bati jipya lisipangwe uani likiwa limeloa. Karatasi zilizobanana hazipati hewa, ile ngozi ya kaboneti haijengeki, badala yake unapata unga mweupe kama chokaa. Mafundi huita kutu nyeupe. Ukiwa kidogo unafutika. Ukiwa mwingi, zinki imeshakwenda hata kabla ya kupanda juu. Na wakati wa kiangazi, kama una maji ya kutosha, mwagia sehemu za chini ya michirizi na kuta za bati zilizojificha. Mvua ya masika huosha mgongo wa paa, lakini haifiki upande wa chini, na kwenye nyumba za ufukweni mara nyingi upande huo ndio unaotangulia kutoboka.

Bomba halina maneno mengi. Chuma kinene zaidi ya milimita 6 kinachochovywa, kwa kiwango cha ISO 1461, hupata wastani usiopungua mikroni 85. Kikiwa chembamba zinki inapungua. Kwa nguzo na geti ni kitu kizuri. Kwa maji baridi linafaa, ila usilitangulize bomba la shaba kabla yake, kwa sababu ile ya waya wa radi. Kwa maji ya moto ningekataa. Yakipita nyuzi 60 hivi, katika baadhi ya maji ule mpangilio wa volti niliokutajia hugeuka, chuma kikaanza kuliwa kwa ajili ya zinki. Kafara inageuka mlaji. Kwa hita ya bafuni weka bomba la plastiki lililotengenezwa kwa maji ya moto.

Sasa geti. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907, na chuma hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1500. Maana yake, kabla chuma hakijaungana zinki yote ya hapo imeshapaa, na ukishika hewa inakuwa moshi mweupe mzito wa oksaidi ya zinki. Mchomeleaji akiuvuta, saa chache baadaye, mara nyingi usiku akiwa nyumbani, anapata homa, baridi ya kutetemeka, kichwa na ladha ya chuma mdomoni. Kawaida hupona kwa siku moja au mbili, na watu wa pwani wakadhani ni malaria. Maziwa hayazuii. Moshi unaingia kwenye mapafu na maziwa yanakwenda tumboni, havikutani.

Kinachomsaidia ni kusaga zinki sentimita chache kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, kufanya kazi nje huku upepo ukimpiga ubavuni ili moshi usimpande usoni, na kuvaa barakoa ya moshi wa metali. Kitambaa hakichuji kitu. Akimaliza, asugue kiungo kwa brashi ya waya na kukipaka rangi ya zinki, ile ambayo ikikauka sehemu kubwa kabisa ni unga wa zinki. Rangi ya fedha ya kawaida inafanana nayo kwa macho, lakini haina zinki ya kujitoa, na kiungo kitakuwa cha kwanza kushika kutu geti zima likiwa bado jipya. Asome kopo.

Ukitaka lisikusumbue kabisa, achomelee kwa chuma kitupu kwanza, kisha geti zima lipelekwe kiwandani kuchovywa. Akikubali, atoboe matundu kwenye kila bomba lililozibwa pande zote mbili. Hewa na unyevu vikifungiwa ndani ya bomba halafu likazamishwa kwenye nyuzi 450, linaweza kulipuka na kumrushia zinki ya moto aliyesimama karibu. Kwa hiyo ukiona geti la galvanaizi lina vitundu pembeni, usimdai aliyekuuzia.

Pesa ya maziwa mpe, ni chakula kizuri na huenda hajala tangu asubuhi. Ya barakoa mpe kwanza.